Kigugumizi

Mashine yangu ya ngoma, nimeiwasha chumbani,
Vitaa vimesimama, kumi na sita safuni,
Kishindo kinakoroma, kama mlevi ndotoni,
Kila pigo ni lazima, lirudi pale mwanzoni.

Hivyo ndivyo ilivyofundishwa kutembea:
mizani kamili, vina vimefungwa,
nami nikaichoka kabla chai haijapoa.

Niliinunua Halifax, kwenye maegesho ya duka la vyakula,
pauni tisini, kwa kijana aliyebeba mtoto kifuani.
"Kitufe cha saba hakisikii," akasema, "nakwambia mapema."
Ukikibonyeza mara tatu husikia mara moja,
na saa ya kusikia hujichagulia chenyewe.
Ndiyo sababu alipunguza bei.
Ndiyo sababu mpaka leo sijaiuza.

Huddersfield, Jumanne, saa nane usiku.
Mvua inateremka Lockwood kama inayeijua njia.
Nimetoka zamu ya kupakia biskuti,
saa tisa mbele ya mkanda usiokosea hata mara moja,
na vidole bado vinahesabu.
Basi nafanya fujo, kwa utaratibu:

nalichukua pigo la nne nalikata vipande thelathini na viwili,
nakirudia kipande cha kwanza, kipande cha kwanza, kipande cha
kwa
kwa

kwa
nza,
upatu wote naumwaga upande wa kushoto,
nauchomoa waya sauti ikiwa bado inazungumza,
halafu nauchomeka tena
kama mtu aliyemkatiza mwenzake maneno, akaona haya.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka.
Mimi nimeanza na mpasuko.
Ngoma ndiyo naitafuta.

Saa tisa kasoro, ukuta ukagongwa.
Tu. Tu-tu.
Bi Maureen Haigh, miaka themanini na mmoja,
na fimbo yake ya kutembelea.
Nikazima sauti. Nikakaa na vile vitaa vyekundu
kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

Asubuhi nikamgongea mlango na pakiti ya biskuti zilizovunjika
(hizo tunapewa bure).
Alinitazama midomoni, si machoni.
Alifuma vitambaa vya sufu miaka ishirini na sita, Milnsbridge,
mitambo mia mbili banda moja,
na sikio la kushoto likabaki hukohuko.
"Sikusikii," akasema. "Nakupata kwa ukuta,
mkono nikiuweka hapa, juu ya kitanda."
Nikaanza kuomba radhi.
"Kuna mahali uzi unakatika.
Kila mzunguko, karibu na mwisho.
Mtambo wangu ukifanya hivyo nilikuwa nausimamisha
kabla msimamizi hajafika.
Wewe mbona husimamishi?"

Sikuwa na jibu la Kiingereza.
La Kiswahili pia nililitafuta, sikulipata.
Nikamwambia ni kitufe cha saba.
Akachovya biskuti, ikameguka, ikazama.
"Fundi wetu naye alikuwa mvivu," akasema.

Leo usiku nimesogeza meza mpaka ikagusa ukuta.
Kishindo nimekishusha chini, chini zaidi,
pale masikio yanapokata tamaa
na matofali yanapokea.
Mzunguko wa kwanza. Wa pili.
Karibu na mwisho nakibonyeza cha saba.
Kimya.
Nakibonyeza tena. Kimya.
Nakibonyeza tena,

na upande wa pili, fimbo:
tu.
Tu-tu.
Imechelewa robo ya hatua.
Naiacha hivyo hivyo.